Ritifaa

Somoe Nang'oto alikuja na karatasi yake
imekunjwa mara nne ndani ya pindo la kanga:
kilo mia nne na kumi na mbili,
mhuri wa ghala, sahihi ya karani,
na doa la mafuta ya ganda la korosho
lililounguza kona moja ikawa kahawia.
Simu yake ilisema: kilo 4.

"Nne," akasema. "Nyingine nilizila njiani?"

Katibu akakohoa. Karani Bakiri akaapa kwa mama yake.
Mimi, niliyeiandika programu ile usiku kumi na mmoja
hapa Kitangari, ukungu umeziba dirisha,
nikatoa jibu letu mafundi, lile la siku zote:
"Ni mtandao."

Haukuwa mtandao.
Siku ile ulikuwa umejaa, jambo la nadra
kama bomba kutoa maji mchana.

Nikaomba majina ya waliolalamika.
Nang'oto, kilo nne.
Ng'itu, kilo moja, badala ya mia moja na tisini.
Mzee Ching'ang'a wa Mahuta, elfu moja thelathini na nane,
simu yake haikuonyesha kitu. Hata sifuri.
Lakini akina Mfaume, akina Lukanga, akina Hashimu,
sawasawa hadi kilo ya mwisho.

Nikayasoma tena, safari hii kwa sauti,
na sauti ikapanda puani palepale kila mara.

Nikafungua seva:
Nangâ€™oto.
A iliyovaa kofia, alama ya fedha ya Ulaya, chapa ya biashara,
kana kwamba mtu ameipeleka herufi yake mnadani
bila kumwambia.

Simu mpya ya Bakiri ni maridadi.
Ukibonyeza ritifaa iliyonyooka, yenyewe huipinda,
ikawa kikucha.
Kikucha hicho machoni ni herufi moja.
Kwenye waya ni baiti tatu.
Nami juu ya bahasha niliandika urefu kwa kuhesabu herufi:
ishirini na mbili.
Ndani zilikuwamo ishirini na nne.
Seva, mtiifu kama askari wa geti,
ikapokea ishirini na mbili, ikafunga.
Waliobaki nje: 1 na 2.

Miaka yote tumewalaani wanunuzi wa kangomba
na kopo lao lililobonyezwa ndani kitakoni.
Kumbe na mimi nilikuwa na langu, halionekani,
linampunja mtu kwa kufuata jina lake.

"Rahisi," akasema katibu. "Kifute hicho kialama.
Andika Nangoto. Watu walipwe leo."
Na wangelipwa leo, sikatai.
Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kibonye cha kufutia.

"Nangoto ni nani?" akauliza Somoe.
Hakupandisha sauti. Aliuliza kama mtu
anayetaka kujua nani atazichukua hela zake.

Ng'oa, utatoa na mizizi.
Ngoa, ni wivu.
Kati yao kuna kikucha tu.

Nikaondoa kidole.
Mstari mmoja: hesabu baiti, acha herufi.
Mstari wa pili: kila ombi litamke waziwazi
kwamba maandishi haya ni UTF-8,
yasisomwe kwa miwani ya mtu mwingine.
Nikatuma. Ikakataa, nilisahau koma.
Nikatuma tena.

Simu ikatetemeka ndani ya kanga.
Akaitoa, akalinganisha na karatasi
tarakimu kwa tarakimu, kidole kikitembea.
Hakunishukuru. Akaikunja karatasi mara nne, kama ilivyokuja.

"Ching'ang'a mguu unamuuma," akasema,
"hawezi kuja. Mfuate wewe."

Nikaazima pikipiki ya Bakiri.
Vumbi jekundu, mabibo yanachachuka kando ya njia,
nami nikilirudia jina lile peke yangu,
ritifaa mbili, baiti sita,
nisije nikafika mlangoni kwake
nikaruka hata moja.