Jozi

Ukumbi wa maonyesho ya mifugo, Des Moines, Novemba.
Harufu ya ng'ombe wa Agosti haijatoka sakafuni,
na juu yake pamemwagwa mafuta ya bunduki na kahawa.
Meza yangu ni ile ile, karibu na choo:
kitambaa cha mahameli ya kijani, taa ya kuazima,
na bastola kumi na tisa zisizojaza kikapu cha mayai.

Zote za mfukoni. Za mfuko wa kizibao, wa gauni,
za ndani ya manyoya ya kupashia mikono.
Mtutu mfupi kuliko kidole changu cha kati.
Mimi ni fundi saa, Delmar Oakes wa Keokuk,
napenda kitu kidogo chenye moyo wa springi.
Vijana hupita wakauliza: Inapiga?
Huwajibu: Ilipiga.
Wakiuliza mbona haing'ai, nawafukuza kwa upole.
Atakayeipaka dawa ya shaba
amefuta miaka mia na sabini
kwa dakika tano na kitambaa.

Hii hapa usiishike kwanza. Tazama.
Mpini wa mti wa mjozi, umelainika upande mmoja
palipokaa kiganja cha mtu asiyeandikwa jina popote.
Chuma kimegeuka rangi ya zambarau iliyoiva.
Chini ya mtutu, muhuri wa mhunzi wa Philadelphia,
na tarakimu moja:
1.

Risasi moja, fataki moja, basi.
Ndiyo maana ziliuzwa mbili mbili, kama viatu.
Mpini wa mjozi, na yenyewe haina jozi.
Miaka thelathini na mmoja niligeuza mitutu ya watu,
Kansas, Ohio, nyumba za marehemu, minada ya mvuani,
nikitafuta mbili.
Mke wangu Idonia alisema, Mtu mwingine angemtafuta Mungu.
Alisema akicheka. Baadaye alisema bila kucheka.
Baadaye akahamia kwa dada yake, Duluth.

Kisha, miaka sita iliyopita, mwanamke wa koti la mvua,
Solveig Brandvold, mwalimu mstaafu wa hesabu,
akasimama mbele ya meza asiseme neno,
akafungua mkoba, akatoa soksi ya mtoto,
na kutoka ndani ya soksi
mjozi, zambarau, kiganja kilekile cha mtu asiye jina.
Sikuthubutu kuigeuza. Aliigeuza yeye.

2.

Nikataja bei. Akatikisa kichwa.
Nikapandisha hadi thamani ya gari langu, na matairi yake.
Akasema: Bwana, mimi sikuja kuuza. Nimekuja kununua.

Tukakaa. Kahawa ikapoa, ikaundikia ngozi.
Yake ilitoka kwa mama wa bibi yake,
aliyelala nayo chini ya mto hadi uzeeni,
na katika familia hakuna aliyemuuliza
kwa nini mume wake wa kwanza hakuzeeka.
Kidole kimoja hakivunji chawa,
lakini kwa kitu hiki kidole kimoja kilitosha.
Nikaitazama ya kwangu. Mwaka wa thelathini na mmoja,
na kwa mara ya kwanza
sikutazama namba.

Tangu hapo, kila Novemba, Jumamosi,
saa nne hadi saa tano, tunazilaza pamoja
mgongo kwa mgongo juu ya kijani.
Watu hupiga picha. Mmoja aliuliza:
Ninyi ni mume na mke?
Solveig akasema: Hapana. Hatujakubaliana bei.

Saa tano anairudisha yake kwenye soksi.
Nami naifungia yangu katika kisanduku
chenye vitanda viwili vilivyochongwa umbo moja.
Kimoja kimebonyea, kimepauka, kimelaliwa.
Cha pili, nywele za mahameli bado zimesimama.