Upana wa Uzi

Lunenburg, theluji imeziba dirisha la jikoni.
Mfarishi umebakiza mishono minne:
nusu ya dira aliishona Muriel Knickle,
nusu ni ya Leota, dadake, aliyezikwa Oktoba.

Karatasi bado zimo, hazing'olewi mapema;
nyuma ya ncha ya kaskazini yasomeka bili ya umeme.
Pini anaichomeka wima, ncha kwa ncha,
itokee palepale upande wa pili.
Ikiinama kidogo tu, imedanganya.
Anapiga bandi. Anafunua. Anatazama.

La.

Anafumua, anapiga tena. La.
Anageuza kipande cha Leota chini ya taa:
kumbe mshono wake wote umepita nje ya mstari
upana wa uzi mmoja, mwanzo hadi mwisho,
bila kuteleza hata mara moja.
Miaka arobaini Muriel alimwambia, "Fuata mstari!"
Naye, sindano mdomoni: "Basi nifuate wewe."

Chai imepoa. Muriel anaweka rula kando,
anausogeza mshono wake mwenyewe
upana wa uzi.

Ncha zinakutana.

Sasa karatasi zaweza kuchanwa. Anaanza na zake.
Ile bili, yenye hesabu za Leota kwa penseli,
anaipiga pasi humohumo ndani.