Hotuba ya Mwisho, Newala

Ya kwanza ilikuja haina rangi, imejaa chenga,
na Nampota, mkalimani wa banda,
alikishika kipaza sauti kama muhogo wa moto:
"Dada mtu ana ulimi wa wembe.
Mdogo mtu ana foleni ya wachumba.
Baba kasema haolewi mdogo
mpaka mkubwa apate wa kumbeba."
"Daraja la ngapi huyo?" akauliza mtu wa nyuma,
maana ulikuwa msimu wa korosho
na wote tulikuwa tumetoka mzanini.

Biashara ile hatukuielewa.
Mamdogo Somoe, mkekani mbele, alitaka kujua:
"Kwani binti huyu hana mjomba?
Baba anamwoza kama nani?
Na huyo bwana anamchukua anampeleka wapi?
Kamlimia mkwe gani?"
Nampota akafuta jasho.
Hilo halikuwamo mkandani.

Bwana akamnyima chakula, akamnyima usingizi.
Akasema chumvi ni sukari,
mke akalamba, akaitikia sukari.
Mwishoni mke akasimama mbele ya karamu
akawahutubia wanawake wenzake juu ya utii.
Nampota akatafsiri neno kwa neno,
na bibo bivu likaruka kutoka gizani
likampata bwana harusi puani.

Utomvu wa bibo unajulikana.
Shuka lile lilifuliwa, likaanikwa, likafuliwa tena.

Ya pili ilikuwa na rangi. Hotuba ileile.
Nampota akaifupisha: "Anashukuru kwa chakula."

Ya tatu wamevaa sare za shule, wana magari,
na Nampota ndevu zimeshaingia mvi.
Alipofika kwenye hotuba
akazima kipaza sauti.
Midomo ya yule dada ikachezacheza bure,
jenereta linakohoa nje,
mpaka Mamdogo Somoe akainuka:
"Anasema, shamba ni la mama yangu.
Jembe lile pale, nyuma ya mlango.
Kesho alfajiri tuone
kama ulimi wako nao unapalilia."

Nimekuja kuiona tena, chuoni Lindi,
maneno yameandikwa chini.
Sivyo anavyosema.
Nikairudisha mara tatu, naukodolea mdomo wake:
"shamba" inakaa. "Jembe" inakaa.
"Alfajiri" inazidi kidogo.
Na mume alipocheka, kioo kisafi kabisa,
nikajikuta namtafuta puani
lile doa.