Kuilaza Pikipiki

Tarehe tisa Desemba njia ya Kitunda imekatika.
Lori la mbao limekaa kwenye tope siku ya nne,
utingo anasonga ugali chini ya bodi,
nami si mtu wa kushindana na mbuga.
Basi, pikipiki ilale.

Ndani hapana nafasi. Chumba ni kimoja:
kitanda, magunia mawili ya mahindi, beseni,
na Kalunde, ambaye tumbo lake siku hizi
hufika mlangoni kabla yake.
"Chagua," alisema, "mimi au hilo chuma lako."
Akacheka. Sikucheka haraka kama ilivyopasa.

Itakaa nje, upenuni mwa jiko,
upande ambao mvua huufikia mwisho.
Fundi Seleli alinielekeza, naye haelekezi bure:
petroli uimwage, isigeuke gundi kwenye kabureta
(nilimuuzia jirani mwenye jenereta, lita moja na robo);
mnyororo uupake oili mpaka ung'ae kama mwali;
mpandishe mgonjwa juu ya matofali, magurudumu yasinywe tope;
ekzosi uizibe kwa gunzi,
la sivyo utapiga kiki watoke nyigu.

Betri niliiingiza uvunguni.
Betri, alisema, haipendi kuachwa peke yake.

Mwisho turubai, lile la tumbaku,
lenye harufu ya msimu mmoja tu uliowahi kutulipa,
msimu ulioinunua pikipiki yenyewe.
Nikalifunga kwa kamba za gome la myombo.
Taa ya mbele nikaiacha ichungulie.
Mtu hufunikwa uso kwa sababu moja tu.

Kisha Sikonge ikawa maji.
Januari nzima nililala nikisikiliza:
tone juu ya bati lina sauti yake,
juu ya turubai lina nyingine, nene,
kama mtu anayekung'uta godoro chumba cha pili.
Upepo ukifumua ncha, natoka na kanga ya Kalunde kichwani
kushindilia tofali,
na majirani wakauliza kama nina mgonjwa nje.

Mchana nililima mpunga wa watu.
Nilikwenda kwa miguu. Nilikuwa nimesahau
kwamba kutoka kwangu hadi kisimani ni hatua mia sita na arobaini.
Abiria wangu nao walitembea;
tuliamkiana mpaka habari za mbuzi,
jambo ambalo kwenye pikipiki haliwezekani.

Mbula alikuja usiku, Februari, umeme umekatika,
tochi ya simu inakata roho.
Mkunga, Bi. Nyamizi, alisema neno moja: "Mwanga."
Nikaivuta betri kutoka uvunguni.
Taa ya mbele ilikuwa mvuani, mbali kama Tabora mjini;
iliyokuwa karibu ni ya breki,
niliyoifungua nizibe ufa wake.
Nikaunga nyaya mbili kwa meno.
Mwanangu akaingia duniani kwa mwanga mwekundu,
kama chombo kinachopunguza mwendo.

Baada ya hapo kila usiku, akinyonya, tuliiwasha.
Machi ikafifia, ikawa kaa la moto,
ikafa. Hatukusema kitu.

Leo nimefungua kamba.
Kutu kwenye rimu, upana wa kucha.
Chura chini ya kiti, amenona, hana haraka.
Na kwenye ekzosi, lile gunzi
lilikuwa na punje moja isiyopukuchuliwa:
imeota, jani jembamba,
la njano kwa kukosa jua.

"Usiling'oe," Kalunde anasema mlangoni, mtoto kifuani.
Lakini lori limeshatoka, njia imefunguka,
na fundi anadai.
Nimeling'oa polepole, nimelichomeka kando ya jiko,
ingawa najua halitashika.

Kiki ya kwanza, kimya.
Ya nne, kisigino kimeteleza, nimetukana.
Ya tisa imekohoa moshi mweupe,
na Mbula, asiyewahi kuisikia,
ameacha kunyonya.