Uzito wa Nyuma

Bi Wiesława hakunipa funguo siku ya kwanza.
Alinipa mkokoteni wa paleti, ule wa kusukuma kwa mkono,
mpini umevishwa soksi ya sufu
kwa sababu chuma cha Januari, hapa Łódź, hung'ata.
"Sukuma," akasema. "Kilichofundishwa mgongo hakisahauliki."

Wiki tatu nikasukuma: vigae, rangi za ukuta,
maharage ya kopo, viatu ambavyo bado havijapata miguu.

Ndipo akanikalisha kwenye foklifti ya gesi,
ile ya manjano, yenye makalio mapana, inayopakua malori mlangoni.
Akalipiga kofi lile donge la chuma la nyuma.
"Hili halibebi kitu. Limekaa tu.
Liondoe, kisha unyanyue paleti moja ya saruji,
uone magurudumu ya nyuma yatakavyorusha mateke."

Yeye mwenyewe huendesha ile nyembamba ya betri,
dereva amekaa ubavu, kama abiria aliyenuna.
Kwenye vichochoro vya rafu uma wake hujinyoosha
kama mkono wa mtu anayetafuta chumvi
gizani, jikoni kwake.
Mita tisa juu. Kamera ipo, haitazami.
Anausikiliza mnyororo.

Tymon hupaa pamoja na jukwaa lake, amefungwa mkanda,
akiokota boksi moja moja za maagizo ya watu.
Anaogopa kimo. Ofisini hawajui.
Huhesabu dawa za meno kwa sauti
ili macho yasipate nafasi ya kushuka.

Na uani, kwenye theluji iliyochanganyika na dizeli,
iko ya mbao ndefu, inayotembea upande upande.
Gerwazy ameipa jina la mke wake wa kwanza.
Hatujamuuliza.

Machi, saa tisa usiku, paleti ya vioo iliinama.
Mita saba. Ubao wa chini ulikuwa umeoza.
Tymon alinyamaza kwenye dawa ya mia na nne.
Bi Wiesława hakupiga kelele. Aliulaza mlingoti nyuma kidogo,
kidogo tena, akaishusha
kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia begani,
na vioo vyote arobaini vikafika sakafuni
vikiwa na taa zetu ndani, nzima.

Akazima mashine. Mikono ikaanza kutetemeka
baada ya kazi, si kabla.
"Mwanangu yuko Bergen," akasema, bila mimi kuuliza.
"Tangu Krismasi."
Halafu: "Kila kitu ninachonyanyua siku hizi,
nahisi nyuma hakuna kitu."

Sikuwa na neno. Chai ilikuwa imepoa.
Nikavuta paleti tupu,
nikaketi nyuma ya kiti chake, kimya,
mzito kadiri nilivyoweza.