Ukurasa wa Kuwashia Jiko

Saa kumi na moja, Iringa bado imejitanda ukungu,
Ba ameshaamka.
Namsikia akikohoa nyuma ya pazia la duka
ambalo haliuzi tena vitambaa,
kisha mlio ule, chaaa,
ukurasa mmoja unachanwa
katika daftari la marehemu mumewe.

Ndivyo tulivyowasha jiko, miaka sita.
Kwa madeni.
Hesabu kwa Kigujarati, majina kwa herufi zetu,
na pembeni dole gumba la wino
la mtu aliyechukua chumvi, jembe, khanga ya mke,
akaahidi mavuno,
na mavuno yakawa na mambo yake.

Uji wa ulezi, ndoo mbili, vikombe vya bati.
Tukishika njia ya hospitali yeye mbele,
sari imepandishwa juu ya soksi za sufu,
sweta la kijani la mwanamume;
mimi nyuma, meno yakigongana.
Wodini walikuwapo wa Pawaga, wa Idodi,
ambao ndugu zao hawakupata nauli.
Wa kitanda cha nane alisema uji mwepesi.
Kesho yake akasema mzito.
Siku ya tatu aliutema.
Ba alifuta sakafu, akamwuliza
kama angependa tutie limau.

Mimi nilikuwa nahesabu.
Binti wa miaka kumi na tisa, mshahara kiduchu,
nilihesabu vikombe, nikajumlisha na baridi,
nikamwuliza: Ba, huko kwenu
Mungu anayaandika wapi haya yote?

Hakujibu upesi. Tulikuwa tunaosha ndoo.
"Umewahi kupanda kutoka Ipogolo na mzigo?
Unafika juu, pumzi imekwisha, unakumbuka
kuna kitu chako umekiacha bondeni.
Unashuka tena. Ndiko kuzaliwa huko.
Tunashuka na kushuka kwa ajili ya 'changu'.
Mukti ni kufika juu
bila kukumbuka kitu."
Akanisukumia ndoo niipanguse.
"Na ukijivunia uji, basi,
umeuacha uji bondeni."

Sikuelewa. Nilidhani uzee.

Mwezi wa saba, baridi ya kung'ata masikio,
magoti yake yakakataa.
"Washa wewe," akaniambia.
Nikachana. Mwanga wa koroboi ukaangukia jina:
Fidelis Balama, Ilula.
Mabati kumi na mbili. Misumari kilo tatu.
Na dole la baba yangu, kovu la panga katikati.

Mabati yale!
Nimelala chini yake utoto wangu wote,
mvua ikitwanga, sisi wakavu,
mama akisema, baba yenu mwanamume.
Hapana alama ya malipo. Hata senti.

Nikaenda nao kitandani kwake, mkono ukinitetemeka,
nikapiga goti, nikaanza: Ba, kumbe...
"Nimekwambia washa jiko," akasema,
"sijakwambia soma."

Nikachana ukurasa mwingine.
Ule wa baba nikauficha chini ya godoro.

Alikufa mwaka uliofuata, kabla mahindi hayajakauka.
Mwanawe wa ng'ambo alichelewa siku moja.
Kuni za mkaratusi zilipasuka-pasuka, majivu
yakapokelewa na Ruaha Mdogo, usiouliza ya nani.
Nilitaka kibao. Nilitaka mtu aandike ukutani
hapa aliishi fulani.
Ukuta ukapakwa rangi ya machungwa; sasa wanauza simu.

Daftari lilibaki majalada mawili,
kama mlango usio na nyumba.

Kesho yake nikaamka bila kuamshwa.
Makaa yapo. Ulezi upo. Karatasi hakuna
ila ile moja, imelegea kwa kushikwa-shikwa,
dole la baba limeanza kufifia.

Nikaitazama kwa urefu wa njiti moja ya kiberiti.
Ikaniunguza kidole.
Nikawasha ya pili.

Kitanda cha nane siku hizi kina mwingine,
bibi wa Idodi, hana jino hata moja.
Ameonja, amenuna.
Anasema sukari haitoshi.