Dakika Saba

Wengine huitazama tarakilishi.
Mimi huisikiliza.
Kisoma skrini hunitajia herufi moja moja,
nami nafuata nyuma yake
kama mtu ashikaye ukuta.

Ni sauti ya kigeni, ya mwanamume mwenye mafua.
Kakamega huiita Kakamiga,
na jina langu, Rasoa, hulivuta
kama kamba ya ng'ombe mkaidi.
Lakini ndiyo inipayo ugali:
nachapa hati za kiapo mkabala na mahakama,
kumbukumbu za mikutano ya wakulima wa miwa,
na mara mojamoja barua ya mapenzi
ya karani nisiyemtaja.

Mwaka jana kidirisha kilizuka.
Kiendeshi chako cha sauti kimezeeka,
bonyeza hapa, bure, upesi.
Sauti ilinisomea yenyewe, kwa adabu zote,
hukumu yake ya kifo.
Nikabonyeza.

Siku tisa.
Vibonye ka, ka, ka,
kuku anadonoa bati tupu.
Jiwe la Ilesi angalau hulia.

Leo sauti imeanza kukwaruza tena,
inameza silabi katikati ya viapo vya watu,
na Lihanda, mtoto wa dada yangu, amekuja na flashi.
"Dakika mbili tu, senje."
Nikamwambia keti kwanza.
Geuza mashine, nisomee tumbo lake:
jina, namba, hata kile kiherufi cha mwisho
unachotaka kukiruka.
Nikayatoboa yote kwa nukta nundu
mgongoni mwa kadi ya harusi ya mtu.

Sasa nenda kwa aliyeiunda.
Nyumbani kwake, si kwa jirani anayejidai binamu.
Umefika? Nitajie anwani, polepole.
Tena.
Kiendeshi cha zamani usikitupe,
kinakwaruza, ndiyo, lakini kinaongea;
kinakili, kiweke kando.
Kisha weka nukta ya kurejea,
kama bibi zetu walivyovunja vitawi
wakiingia msituni kutafuta kuni,
ili njia iwakumbuke.

Mvua ya saa tisa ikaja na ngurumo zake.
Lihanda akasema betri imejaa, tuendelee.
Nikasema stima ya Lurambi naijua kuliko wewe,
na radi haisomi asilimia.
Tukanywa chai. Tukangoja paa linyamaze.

Ndipo akabonyeza.

Sauti ikakatika katikati ya neno.
Nilikuwa nimejiandaa, na bado
mkono wangu ukaitafuta meza.
Miaka thelathini na minne sijaona mwanga
na sijazoea kujiita kipofu.
Kwa dakika hizo saba nilikuwa kipofu.
Nilikuwa na macho ya kijana wa miaka kumi na tisa
anayesema "arobaini... bado arobaini... senje, usiogope,"
kwa sauti ya mtu anayeogopa.
Lori la miwa likapita likidondosha mabua.
Feni ya mashine ikazima.
Ikawaka.
"Inajiwasha upya," akasema,
kisha hakusema kitu,
na hapo ndipo nilipomsikia akihema.

Nikagusa kadi ya harusi.
Nukta zilikuwa palepale.
Vitawi vilikuwa palepale.
Nikajiambia: tukipotea, tutarudi.

"Kaaribu, Rasowaaa."

Lihanda alicheka hadi akamwaga chai.
Mimi sikucheka mara moja.
Niliiacha inisomee saa, tarehe,
majina ya faili moja baada ya jingine,
viapo, miwa, miwa, viapo,
bila mkwaruzo, mafua yake yote yakiwa mazima.

Kisha nikamfukuza kijana, kwa upole,
nikafungua barua ya karani
pale ilipokatikia: "Mpenzi, tangu siku ile—"
Sauti ikasoma "mpenzi"
vibaya kabisa.
Nikaendelea kuchapa.